Maji Yapo, Mtu Hayupo

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hawezi kupita Dumila akiwa amelala. Hapo njia ya Kilosa huiacha barabara kuu. Hapo mabasi husimama, na vijana huyakimbilia madirisha yake wakiwa wamebeba nyanya, vitunguu na chupa za maji. Juu ya mabati ya mji imesimama minara ya simu, mirefu kupita miti yote iliyo karibu. Kijana aliyeketi juu ya pikipiki yake akingoja abiria huzungumza na ndugu yake aliye Dar es Salaam kana kwamba wameketi juu ya mkeka mmoja. Tukitazama mambo hayo, twaweza kudhani kwamba umbali umekwisha.

Lakini haukwisha kwa watu wote. Tukiiacha barabara na kuzifuata njia za vumbi mpaka nyumba za nyuma, twawakuta wazee ambao watoto wao wote wamekwenda mijini kutafuta maisha. Twamkuta bibi mwenye simu iliyofungwa katika kitambaa na kuwekwa sandukuni, kwa sababu aliyemletea hakukaa hata nusu saa kumwonyesha jinsi ya kuipokea. Twamkuta mtu asiyeona, ambaye kila ujumbe wake husomwa na mwingine kwa sauti mbele ya wote waliopo, hata mambo ya siri ya nyumba yake. Twamkuta kiziwi ambaye jamaa zake huzungumza juu yake, wala hawazungumzi naye. Wote hao wakaa chini ya minara ile ile. Sauti za watu wengine zapita juu ya vichwa vyao usiku na mchana, wala wao hawafikiwi na neno.

Wala wasomaji wetu wasidhani kwamba hayo ni mambo ya watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba, kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, zaidi ya mmoja katika kila kumi ana ulemavu wa namna fulani. Na uzee, Mungu akitujalia umri, utatufikia sote.

Mtakatifu Yohane, katika sura ya tano ya Injili yake, atueleza habari za birika la Bethzatha huko Yerusalemu. Kando ya birika hilo alilala mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38. Maji yalikuwapo, aliyaona kwa macho yake kila siku. Bwana Wetu Yesu Kristu alipomwuliza kama alitaka kupona, mtu yule hakulalamikia miguu yake. Alijibu kwamba hakuwa na mtu wa kumtia majini, na kwamba kila alipojaribu kwenda, mwingine alimtangulia. Tuyafikiri sana maneno hayo. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa wa mwili. Ugonjwa wake wa pili, na labda uliokuwa mchungu zaidi, ulikuwa kukosa mtu. Hiyo ndiyo hali ya wazee wetu wengi na ya ndugu zetu wenye ulemavu katika siku hizi za simu na kompyuta: maji yapo, mtu hayupo.

Kanisa halikuvichukia kamwe vyombo vinavyopeleka sauti na picha mbali. Mwaka 1931 Baba Mtakatifu Pio XI alifungua Redio ya Vatikano, iliyojengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Mwaka 1963 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitoa hati maalumu juu ya vyombo vya mawasiliano. Lakini lipo jambo moja lililofanyika mwaka 1958 ambalo lapasa kutufundisha zaidi. Katika mwaka huo Papa Pio XII alimweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Kwa nini Klara, mtawa aliyeishi miaka mia saba kabla ya chombo hicho? Kwa sababu usiku mmoja wa Noeli, alipokuwa mgonjwa hawezi kuondoka kitandani, na masista wenzake wamekwenda kusali, Mungu alimjalia kuisikia na kuiona ibada iliyokuwa ikifanyika katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Basi, Kanisa lilipotafuta msimamizi wa chombo kipya, halikumchagua mfalme wala mtaalamu. Lilimchagua mwanamke mgonjwa aliyeachwa peke yake chumbani. Kama ni hivyo, vyombo hivi vyawahusu kwanza wale wasioweza kutoka nyumbani. Sisi wenye miguu na macho twawafuata nyuma yao.

Tena tusiseme kwamba vyombo hivi ni vigumu mno kwao. Ile simu ndogo ya vitufe, ambayo watu wetu huiita kitochi, ni kompyuta iliyofanywa nyepesi. Chaji yake hudumu siku kadhaa. Ina tochi ya kumulikia njia usiku, na mara nyingi ina redio ndani yake. Mtu akipapasa kitufe cha namba 5 kwa kidole atakuta kinundu kidogo: hicho kiliwekwa ili hata asiyeona ajue mahali pa vitufe vingine vyote. Nyingi za simu hizo huweza kupangwa hivi, kwamba bibi akibonyeza namba 2 na kuishikilia, simu itampigia mwanawe wa kwanza. Akishikilia namba 3, itampigia katekista. Akishikilia namba 4, itampigia jirani mwenye usafiri. Hapo hahitaji kusoma wala kukumbuka namba ndefu. Na katika simu janja imo sauti inayomsomea asiyeona maandishi yaliyo kiooni, naye akaijua barua yake bila kuazima macho ya mtu. Asiyejua kuandika aweza kutuma ujumbe wa sauti. Viziwi huzungumza kwa picha, wakitumia lugha yao ya alama, mmoja akiwa Morogoro na mwenziwe Tabora, mji ambao Kanisa lilianzisha shule ya viziwi mwaka 1963.

Je, ni nini basi kinachokosekana? Yakosekana mambo mawili: subira na uaminifu.

Twaanza na subira. Vijana wengi husema, “Bibi haelewi mambo haya.” Mwanamke aliyejua kwa kutazama mawingu ya Uluguru siku ya kupanda mpunga, aliyelea watoto saba na kukumbuka madeni ya kijiji kizima bila daftari, hawezi kushindwa na vitufe kumi na viwili. Aliyeshindwa ni mwalimu wake, aliyesema maneno kumi kwa pumzi moja, akamnyang'anya simu mkononi na kuibonyeza mwenyewe. Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, alikuwa na kazi nyingi kuliko kijana yeyote wa leo. Lakini alipokutana na kijana kiziwi ambaye hakuna aliyekuwa amemfundisha dini, aliketi naye mwenyewe, akamfundisha katekisimu kwa ishara mpaka akampa Komunyo Takatifu. Upendo haukutafuta njia ya mkato.

Na juu ya uaminifu twasema kwa uchungu. Siku hizi fedha za mzee hukaa ndani ya simu, na ufunguo wake ni namba ya siri. Wapo wajukuu wanaotumwa kwa wakala na kurudi na fedha pungufu, kwa kuwa wanajua kwamba bibi hawezi kusoma ujumbe wa salio. Wapo wageni wasiojulikana wanaopeleka ujumbe wa hila, wakidai kwamba fedha zitumwe kwenye namba nyingine, au kwamba mtoto amepata ajali na anahitaji msaada upesi. Na mzee, kwa moyo wake wa huruma, hutuma akiba yake yote. Huo ni wizi mtupu. Tena ni wizi ulio mzito zaidi, maana wavunja amri ya saba na kuidharau ya nne kwa tendo moja. Aliyefanya hivyo haitoshi atubu kwa maneno, imempasa kurudisha. Nanyi wazazi, wafundisheni wazee wenu kanuni moja iliyo rahisi: pasitumwe fedha yoyote kabla ya kuisikia sauti ya mtu anayemjua. Na laini ya mzee isajiliwe kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mjukuu.

Liko pia kosa la siri, ambalo watu wema hulifanya bila kujua. Ni kule kutuma fedha kila mwisho wa mwezi, na kudhani kwamba deni limelipwa. Twawasifu watoto wanaotuma. Wengi hujinyima ili wazazi wao wale. Lakini baba hakumlea mwanawe kwa ugali tu. Sauti yake ilikuwa ya kwanza kumwita kwa jina. Kumpigia mara moja kwa juma, kumwuliza habari za shamba na za mguu unaomwuma, kusali naye fumbo moja la Rozari kabla ya kulala, hakuzidi bei ya soda. Na hata sauti hiyo haichukui nafasi ya kumtembelea. Yafanya kazi ya kumwambia kwamba mtoto yu njiani.

Vivyo hivyo twanena juu ya parokia. Mgonjwa anayesikiliza Misa kwa njia ya Redio Maria apata faraja kubwa, nasi twamshukuru Mungu kwa jambo hilo. Lakini hakuna chombo kiwezacho kupeleka Mwili wa Bwana, wala kuondolea dhambi, wala kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Hayo huhitaji mtu atembee. Redio isiwe sababu ya jumuiya kumsahau mgonjwa. Na simu iwe njia ya kumwita padre mapema, ili asifike wakati watu wamekwisha kuanza kulia.

Wakazi wa Dumila na Magole wanajua jinsi neno moja, likifika kwa wakati wake, liwezavyo kuokoa maisha. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu, yakaingia majumbani, na maelfu ya watu wakakosa makao. Katika siku kama hizo mwenye nguvu husikia makelele na kukimbia. Asiyesikia, asiyeona na asiyeweza kutembea ndio wanaopaswa kuambiwa wa kwanza; nao, tusipojipanga, huambiwa wa mwisho.

Basi tufanye nini? Mtakatifu Marko asimulia habari za mtu mwingine aliyepooza, aliyechukuliwa na watu wanne mpaka wakabomoa dari ili wamfikishe mbele ya Yesu. Machela ilikuwa chombo chema, lakini haikutembea yenyewe. Injili yasema kwamba Bwana aliiona imani ya wale waliomchukua. Kila mzee na kila mlemavu apate wachukuzi wake: mtoto aliye mbali, mjukuu aliye karibu, jirani wa jumuiya na kiongozi wa kigango. Hayati Papa Fransisko aliweka, tangu mwaka 2021, Jumapili ya nne ya Julai kuwa Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee. Twaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, kabla ya Jumapili hiyo, iandike majina ya wasiotoka nyumbani, na kila jina lipewe kijana mmoja. Kijana huyo aende mara moja kwa juma; afundishe jambo moja tu, na alirudie mpaka mzee alifanye kwa mkono wake mwenyewe; ahakikishe kwamba simu ina chaji; kisha asiondoke kabla ya kusikiliza, maana mzee naye ana neno la kumpa.

Enyi vijana, hamkuombwa kujenga minara, imekwisha kujengwa. Mnaombwa nusu saa. Na siku Bwana atakapotuhukumu, asisimame mzee yeyote wa nyumba yetu na kusema mbele yake kwamba hakuwa na mtu.

Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, mtuombee.