Kilo 260

Mwishoni mwa Novemba, kaskazi inapoanza kuvuma, hoteli za Shanzu hujaa wageni waliokimbia baridi kwao. Dadangu yuko huko wanakokimbia. Ameolewa Austria, mwaka wa 14 huu, na usiku mmoja nikiwa barazani alinitumia picha saba za magari na swali moja: "Kaka, wewe ndiye unayejua mitumba. Nichukue lipi?"

Hayakuwa magari kama haya yetu. Yalikuwa yale ambayo watu hulala ndani: kitanda, jiko, choo na bafu, vyote juu ya magurudumu. Shemeji anataka gari la kupanda nalo milimani wakati wa baridi, watoto wateleze kwenye theluji, na jua likirudi libebe kayaki mbili wakacheze na maji ya mto Salza. Mimi theluji nimeiona kwenye friji tu, umeme ukirudi.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Hapo Kilifi, mbele kidogo tu ya Mtwapa, ndiko alikozaliwa Sabrina Simader. Alipelekwa Austria angali mtoto, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, akishuka mlima kwa skii. Basi mimi ni nani nimcheke dadangu?

Na mitumba kweli naijua. Aliyekulia Mombasa asiijue vipi, na magari yanashushwa Kilindini kila siku? Ila ujuzi wetu umefungwa na sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo swali letu la kwanza ni la mwaka, la pili ni la kilomita, la tatu ni la rangi. Magari aliyonitumia dada mengi yalikuwa na miaka 15 na kuendelea. Hayo bandarini kwetu hayashuki. Ikabidi nifikiri upya, na aliyenisaidia ni marehemu babu, ambaye hakuwahi kuendesha gari.

Babu alikuwa mvuvi wa Mtwapa. Akienda kutazama mashua kuukuu inayouzwa, rangi hakuiangalia kabisa. Rangi, alisema, hata mwizi anajua kupaka. Alichuchumaa kwenye mchanga, akatoa kisu kidogo, akachomeka ncha yake kwenye maungio ya mbao, pale penye kalafati, polepole, ubao mmoja hadi mwingine, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza. Kisu kikigota, anasogea mbele. Kikizama kama kwenye mkate, anakifuta kwenye kikoi, anamwombea mwenye mashua heri, tunarudi nyumbani.

"Tafuta maji," nikamwambia dada. "Maji yamepitia wapi, na yamelala wapi."

Kumbe ndiyo hasa. Kuta za magari hayo aghalabu ni fremu ya mbao na povu gumu, juu yake bati jembamba la alumini. Mshono wa paa au wa dirisha ukifungua mdomo, mvua inaingia taratibu na mbao zinaoza ndani huku nje kunang'aa. Dada akamchukua fundi mwenye kidude cha kupima unyevu, wakakipitisha kwenye kila pembe ya dirisha. Magari matatu yakaanguka hapo hapo. La nne lilikuwa na tangi la maji linaloning'inia nje chini ya sakafu. Baridi ya kule ingeligeuza barafu usiku wa kwanza. Nikajifunza pia kwamba mtungi wa butani hufa baridi ikifika sufuri, lazima uwe wa propani, ambayo huendelea kutoa gesi hata nyuzi 30 chini ya sufuri. Tairi za theluji sikuziulizia, maana sheria yao inazitaka kuanzia Novemba mosi hadi Aprili 15 barabara ikishikwa na theluji.

Yakabaki mawili yenye uzito wa kuzungumzwa. Moja kubwa, zuri, viti vya ngozi, televisheni, oveni, kivuli cha kukunjua ubavuni. Watoto walishagawana vitanda. Jingine dogo, jeupe, mapazia yamepauka.

Leseni ya kawaida huko mwisho wake ni gari la tani tatu na nusu, likiwa na kila kitu na kila mtu. Nikamwambia dada alipeleke lile kubwa kwenye mizani, nikikumbuka malori yetu pale Mariakani, ambako maneno ya mwenye mali hayana kazi. Likapimwa likiwa na mafuta na shemeji kwenye usukani: kilo 3,240. Zimebaki 260. Toa dada na watoto wawili, 150. Toa maji ya tangi, lita 100, nazo ni kilo 100. Zimebaki kumi. Kayaki moja peke yake hukaribia kilo 20, na skii za watu wanne na viatu vyake bado ziko sebuleni, na hakuna aliyetaja unga.

Yaani gari lilikuwa limeshajibeba lenyewe. Kila kilicholifanya zuri kilikuwa kimekula nafasi ya kile lilichotakiwa kubeba. Dada alinyamaza muda kwenye simu, kisha akasema, "Kaka, hili ni gari la kubebea oveni." Wakachukua lile dogo la mapazia yaliyopauka, lililobakisha zaidi ya kilo 600.

Nilikata simu nikiwa na raha ya mtu aliyetoa shauri jema. Raha hiyo haikufika asubuhi.

Mimi nilinunua gari langu miaka mitatu iliyopita, na niliwaambia watu wote hapa mtaani kwamba ni la kumpeleka mama kliniki. Mama hutumia kiti cha magurudumu. Gari lilipokuwa langu nikalitia rimu, nikalitia vioo vyeusi, kisha nikamwita fundi wa muziki akafunga spika mbili kubwa kwenye buti na sanduku lake la mbao. Siku ya kwanza ya kliniki kiti hakikuingia. Tukaita tuktuk, kiti kikaenda nayo, mimi na mama tukaifuata nyuma. Tumekwenda hivyo miaka mitatu, na mama hajawahi kuuliza ndani ya buti mna nini.

Spika nimeziuza Jumamosi iliyopita, kwa hasara. Kiti kinaingia, ila lazima kilazwe ubavu.