Siku ya Matembezi: Hisani au Deni?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake, twasema: liko suala moja ambalo sisi watu wa pwani hatuliulizi sana, kwa kuwa kila mmoja wetu adhani jawabu lake analijua. Nalo ni hili: mwanamume akiwatoa watu wake wa nyumbani siku moja, akaenda nao mahali pazuri pa kutembea, je, amewafanyia hisani, au amewalipa deni?

Tafauti ya mambo haya mawili si ya maneno matupu. Mwenye kufanya hisani hufanya apendapo na kwa kadiri apendayo, na akishukuriwa ni haki yake. Ama mwenye kulipa deni hana khiari ya wakati wala ya kipimo, na akilipa nusu hawezi kusema kuwa amelipa. Basi mtu akikosea akaliita deni lake hisani, atakuwa akidai shukrani kwa watu ambao wao ndio wanaomdai.

Mimi nalikuwa katika hao waliokosea, na kosa langu nalilitambua katika bustani ya Shalimar, mjini Lahore, nchi ya Pakistan. Kijana wetu husoma udaktari katika mji huo, nasi twalikwenda kumzuru: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi, na binti yetu wa miaka 9. Nikasema, hatutarudi kwetu ila tumeiona bustani hiyo, kwani khabari zake nalizisikia tangu utotoni.

Bustani yenyewe ilianzwa kujengwa mwaka 1641, ikamalizika mwaka 1642, kwa amri ya Mfalme Shah Jahan, ambaye ndiye aliyejenga Taj Mahal. Imepangwa daraja tatu, moja chini ya nyingine, kama vidato vya ngazi. Ya juu huitwa Farah Bakhsh, maana yake yenye kutoa furaha. Ya kati ni Faiz Bakhsh, yenye kutoa kheri. Na ya chini ni Hayat Bakhsh, yenye kutoa uhai. Zimo ndani yake chemchemi 410 za kufanyizwa, zirushazo maji juu. Na maji yatokapo daraja ya juu hushuka kwa kuteleza juu ya ubao wa marumaru uliochongwa nakshi, ili yakipita yavunjike mawimbi madogo madogo na kumetameta kama samaki. Yafikapo daraja ya kati huanguka tena, mara hii mbele ya kuta zilizotobolewa vishubaka vingi. Katika vishubaka hivyo, zamani, mchana yaliwekwa maua na usiku ziliwekwa taa, ili mtu atazame mwangaza nyuma ya pazia la maji.

Siku yetu ilikuwa hivi. Mke wangu aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Akakanda unga, akapika chapati na kababu na viazi, akachemsha chai akaitia chupani, akafunga mkeka na vikombe na dawa za mama. Nilipotoka msikitini nalikuta kikapu kimesimama mlangoni, nikadhani, kama nidhanivyo siku zote, kuwa vikapu hujijaza vyenyewe. Twalipofika tukaingia kwa mlango wa barabarani, ambao siku hizi huingiza watu katika daraja ya juu. Mama magoti humsumbua, alipoziona ngazi za kushukia alisema, "Mwanangu, mimi hapa pananitosha." Mke wangu akatandika mkeka chini ya mti. Mimi nikashuka na kijana na binti.

Tulitembea sana. Kijana alinieleza mengi nami nikafurahi kuwa mwanangu ana elimu. Jioni maji yakafunguliwa, nasi tulikuwa tumesimama chini, mbele ya marumaru ile. Binti alipiga kelele kwa furaha, akatia mikono yake majini, nami sikumkataza. Nikasema moyoni: hii ndiyo baba kuwafanyia wanawe. Tuliporudi juu jua lilikuwa limekwisha kuinama, mkeka umekunjwa, vyombo vimekwisha kufutwa. Njiani nikasema kwa kujiona, "Leo nimewastarehesha." Mke wangu akaitika, "Allah akulipe kheri, Bwana." Kisha akauliza, wala hapakuwa na kejeli katika sauti yake, "Maji yalikuwaje?"

Sikuwa na la kujibu. Kwani toka daraja ile ya juu mtu hayaoni maji yakianguka. Huyaona yakienda zake tu. Na ajabu ni kuwa daraja ile ndiyo iliyokuwa mahali pa mfalme na watu wa nyumba yake. Mke wangu alikaa pale walipokaa wake wa wafalme, katika bustani iitwayo yenye kutoa furaha, akilinda kikapu.

Usiku ule nalifikiri jambo moja katika yale aliyonieleza kijana. Maji yale hayakuletwa na mto mwenyewe. Yalivutwa kwa mfereji mrefu, zaidi ya kilomita 100, toka mto Ravi huko juu; kisha nje ya ukuta wa bustani, upande wa kusini, yakapandishwa kwa magurudumu na kutiwa katika mabirika yaliyojengwa juu, ili yapate nguvu ya kushuka na kuruka. Aliyekaa ndani hakuona gurudumu wala hakusikia mlio wake. Aliona maji yanacheza, kana kwamba kucheza ndiyo tabia yake.

Basi maji hayaporomoki ila yamepandishwa kwanza. Na siku ya mapumziko ni vivyo hivyo: raha ya watu wanne imepandishwa na mtu wa tano tangu alfajiri, naye yuko nje ya ukuta.

Na asiyejali kinachopandisha hukiharibu bila kukusudia. Mwezi wa Juni mwaka 1999, barabara iliyo kando ya bustani ile ilipanuliwa, na mabirika ya kale yaliyolisha chemchemi yakavunjwa. Bustani haikuguswa: miti na marumaru na chemchemi zote zilibaki mahali pake. Lakini mwaka uliofuata, 2000, UNESCO iliiandika bustani hiyo katika orodha ya turathi zilizo hatarini, na haikuitoa humo ila mwaka 2012. Wangapi kati yetu twafanya hayo majumbani! Twapenda nyumba ichangamke, wageni wapokewe, watoto wapendeze siku ya Idi. Lakini nguvu za yule aichangamshaye tumezivunja ili tupanue njia yetu ya kwenda barazani.

Huenda mtu akasema: kazi hiyo ni wajibu wa mke, na anayetimiza wajibu wake hana cha kudai. Jawabu ni kuwa msemaji hakuwauliza wanavyuoni wake. Sisi wengi wetu pwani hii ni Mashafii, na katika madhehebu yetu imeandikwa kuwa kupika na kufagia na kufua si katika yale ambayo mkataba wa ndoa humlazimisha mke. Akiyafanya, ayafanya kwa wema wake. Tazama basi jinsi mizani ilivyogeuka! Mimi nalijihesabu mwenye hisani nao ni wenye kupokea. Kumbe siku ile mwenye hisani alikuwa ni mmoja tu, naye alikuwa chini ya mti.

Mwingine atasema: hilo si deni, kwani hakuna Kadhi atakayemhukumu mume kumpeleka mkewe bustanini. Ni kweli, Kadhi huhukumu chakula na nguo na makao. Lakini si kila deni huhukumiwa na Kadhi. Liko deni la murua, ambalo shahidi wake ni moyo wa mtu, na mdai wake aghlabu hunyamaza. Hilo ndilo zito zaidi, kwa kuwa hakuna wa kulikumbusha. Sote twakijua kisa cha Salmani alipomzuru ndugu yake Abu Dardaa. Alimkuta mke wake amejiachilia, hana shauku ya kujipamba, kwa kuwa mume amejitoa kabisa katika dunia, mchana kufunga na usiku kusali. Salmani alimzuia, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake, na watu wake pia. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoelezwa alisema kuwa Salmani amesema kweli. Angalia kuwa huyo aliyezuiwa alikuwa katika ibada. Sembuse mtu aliye katika mchezo wa bao?

Wa tatu atasema: matembezi ni israfu. Nasema, israfu yaweza kuwamo, na asiyekuwa na nauli asikope kwa ajili ya fahari. Lakini jambo lenyewe si fedha. Siku ya Idi Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini, Mtume alimsimamia Bibi Aisha amsitiri kwa nguo yake ili atazame, wala hakuondoka mpaka yeye mwenyewe aliposhiba kutazama. Halikutoka hata pesa moja. Kilichotolewa ni kusimama. Na kipimo cha kusimama hakikuwa cha aliyesimama, kilikuwa cha anayetazama. Hapa ndipo nalipoona aibu, kwani mimi nalitoa fedha nyingi, na kusimama sikusimama hata kidogo.

Siku tatu baadaye twalirudi bustanini. Chakula tulikinunua sokoni, na kikapu nalikichukua mimi, nikatambua uzito wake. Nalikaa na mama chini ya mti ule ule, mke wangu akashuka na watoto. Sasa nikajua saa moja ya kulinda kikapu ina urefu gani. Kunguru walikijia mara mbili. Mama aliniuliza mara tatu kama Asri imeingia, nami mara tatu nikamjibu, na mara ya tatu nalikaribia kumjibu vibaya, nikakumbuka kuwa kuna mtu alimjibu vizuri siku nzima. Maji yalipofunguliwa naliyaona yakienda zake, kisha nikasikia toka chini kicheko ambacho sikukisikia tangu miaka mingi.

Aliporudi upindo wa buibui lake ulikuwa umerowa. Hakunishukuru, wala haikumpasa, kwani anayelipa deni lililochelewa hashukuriwi. Akisamehewa kuchelewa kwake, hiyo ni hisani nyingine juu yake.

Basi ndugu zangu, hatuna Shalimar pwani kwetu, wala hatuihitaji. Tunayo bahari, tunazo shamba na minazi. Utakapowatoa watu wako, usiulize tu kama umewafikisha. Uliza ni nani aliyeamka kwanza, na ni nani aliyekaa na kikapu, na je, yeye ameyaona maji? Ukikuta kuna mmoja hakuyaona, deni lako lingalipo. Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuyalipa madeni yetu tungali hai, na wenye kutudai wangali hai. Wabillahi taufiq.