Kitu Chenye Jina la Binadamu

Miongoni mwa bidhaa wanazouziwa watafiti wa leo kuna vichupa vidogo, vilivyofungwa barabara na kuhifadhiwa katika baridi kali, ambavyo nje yake pameandikwa kwamba kilichomo ni protini ya binadamu. Ndani hamna damu wala nyama. Hakuna aliyechomwa sindano ili kichupa kile kijae. Yaliyochukuliwa ni maagizo tu, yale yaliyomo katika jini za mwanadamu. Yakapachikwa katika bakteria, hamira au seli za wadudu, navyo vikayatii na kutengeneza kile ambacho kwa kawaida hutengenezwa na mwili wa mtu. Je, kitu hicho ni cha nani? Na anayekishika mkononi ana wajibu gani, na kwa nani?

Baadhi ya protini hizo ni zile zinazojenga kiunzi cha seli. Seli si mfuko wa maji. Ina nguzo, fito na makombamoyo yake kama nyumba ya udongo, ila fito zake hujengwa na kubomolewa bila kukoma. Mojawapo ya protini hizo huitwa aktini. Ilitambuliwa na Straub huko Szeged, nchini Hungaria, mwaka 1942, na kwa miaka mingi waliotaka kuichunguza waliitoa katika misuli ya sungura. Aktini ya aina ya beta, ambayo imo pia katika chembe nyekundu za damu, huandikwa kwa maagizo ya viungo 375 vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Mfuatano huo ni ule ule, kiungo kwa kiungo, katika mwili wa kuku.

Hapo ndipo jina linapoanza kuyumba. Kichupa kile kikibandikwa jina la kuku, mfuatano ulioandikwa ndani yake hautabadilika hata kwa kiungo kimoja. Binadamu, kwa asili ya neno lenyewe, ni mwana wa Adamu, na uana hupatikana kwa kuzaliwa. Protini hii haikuzaliwa. Ina nakala ya maneno ya ukoo, lakini haimo katika ukoo.

Watu wa pwani wamekwisha kutana na jambo hili katika insulini. Kwa miongo mingi dawa hiyo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na Muislamu mwenye kisukari alikuwa na haki ya kuuliza anadungwa nini. Mwaka 1978 insulini ya binadamu ilitengenezwa kwa bakteria huko California, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika Marekani. Ilipoenea, hakuna aliyedhani kwamba anajidunga nyama ya mwenzake. Neno "ya binadamu" lilimaanisha "iliyo sawa na yako", wala halikumaanisha "iliyotolewa kwa mwenzako".

Kiswahili kimetoa katika shina moja maneno matatu: mtu, kitu na utu. Kwa mizani hiyo protini ya kichupani ni kitu. Haina maumivu wala siri, na haiombwi idhini. Mwenye haraka atahitimisha kwamba hapana wajibu wowote juu yake. Lakini haraka hiyo inasahau kuuliza kwa nini mtu ahangaike kuichunguza aktini. Sehemu ya jibu iko mbali na maghala ya baridi, katika nchi ya majaruba ya mpunga kusini mwa jiji la Mwanza, wilayani Misungwi, ambako malaria ni mgeni asiyeaga.

Kimelea cha malaria kikiingia katika chembe nyekundu ya damu hukuta fito zimekwisha simama. Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Burkina Faso, walieleza kwamba kimelea huiteka aktini ya mwenye nyumba na kujijengea njia za kupitishia mizigo yake hadi ukutani, ili chembe ile inate katika mishipa. Katika damu yenye himoglobini ya selimundu ujenzi huo huvurugika. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu kukingika na malaria kali, wakati aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua maisha yake yote.

Kinga hiyo haikujulikana kwanza kwa vichupa. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alianza mwaka 1949 kupima damu za watu na kuona kwamba selimundu ni nyingi katika mwambao wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 alitangaza matokeo ya kuwaambukiza malaria kwa makusudi Wajaluo 30 waliojitolea. Kati ya 15 wasio na selimundu, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 walio nayo, wawili tu. Dunia inalikumbuka jina la Allison. Majina ya wale 30 hayatajwi.

Misungwi nayo ilitoa watu wake. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya vyandarua yaliyogawa wilaya hiyo katika maeneo 84 na kulinganisha aina nne za vyandarua. Baada ya miezi 24, katika kundi lililopewa chandarua cha kawaida chenye dawa ya jamii ya pareto, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa walikutwa na vimelea. Katika kundi lililoongezewa dawa ya klofenapiri, asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo. Wazazi waliombwa idhini, na watoto waliokutwa na vimelea walitibiwa. Hata hivyo, ili tofauti ile ionekane, ilibidi wawepo watoto waliolala chini ya chandarua kilichozidiwa na mbu.

Basi thamani ya kitu kile kidogo chenye jina la binadamu ni kwamba kinaweza kuulizwa bila kuumizwa. Kila swali linalojibiwa kichupani ni sindano moja isiyomgusa mtoto. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mtafiti ni kukimaliza kitu kwa maswali kabla ya kumwendea mtu. Lakini kichupa hakitetemeki kwa homa wala hakina mama anayekesha kando yake. Yako maswali ambayo mwisho wake hurudi kwa mtu, na hapo wajibu wa pili huanza: kumwambia anachoulizwa, na kumrudishia jibu.

Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili halilipwi kwa shukrani zilizochapishwa katika jarida asilolisoma mkulima wa Misungwi. Kitakacholilipa ni chandarua bora kitandani mwake, kabla hakijachakaa kile cha majaribio, na habari ya matokeo iliyosemwa mbele yake kwa lugha anayoielewa. Mtafiti anayeisoma lebo ya "ya binadamu" akakumbuka hayo, ameisoma vizuri.