Ole Wenu Wenye Miti Chini ya Nyaya

Ole wenu mnaopenda kivuli wala hamtazami juu!

Mlipochimba shimo la mche, nguzo ya umeme ilikuwa imeshasimama. Mkasema mti bado mdogo. Leo mwarobaini umezimeza nyaya, majani yaliyo karibu na waya yameungua ncha, na usiku upepo ukivuma mnaona cheche dirishani. Mnavuta pazia, mnalala.

Fundi wa shirika la umeme, TANESCO, akija kupogoa, mnamfungia geti: "Mwembe wangu usiguswe!" Masika yakishusha tawi juu ya waya na mtaa mzima ukalala gizani, ninyi ndio wa kwanza kulilaani shirika.

Na giza ndilo dogo. Nyumbani mwenu mna volti 230, nazo zinaua. Nyaya za msongo wa kati zinazopita mitaani hubeba volti 11,000 au 33,000, nyingi zikiwa tupu, na umeme wa namna hiyo haungoji kuguswa: ukikaribiwa, huruka. Mti mbichi huupitisha, ukilowa ndiyo zaidi. Desemba maembe yakiiva, mtoto wa jirani atakuja na kingoe cha bomba la chuma. Mtamwambia nini mama yake?

Torati ilimwamuru ajengaye nyumba azungushie dari yake ukuta, asije akajitwika damu ya atakayeanguka. Mtume Muhammad alifundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika imani. Mnayasikia haya Ijumaa na Jumapili, kisha mnarudi nyumbani mkipita chini ya tawi lile lile.

Wala msijitakase kwa kumpa kijana wa kibarua elfu chache apande na panga, kandambili miguuni. Hapo hamjaondoa hatari. Mmemtwisha mwenye njaa.

Toeni taarifa ofisi ya umeme kabla ya masika, waya uzimwe, wenye kazi yao wakate. Chini ya nyaya pandeni mlimau au mkomamanga. Mwembe upandeni mbali, kiasi kwamba hata ukianguka wote haufikii waya. Na waya ukidondoka, msiusogelee, maana hata ardhi inayouzunguka huwa na umeme. Zuieni watu, pigeni simu.

Atakayeliacha tawi lake leo, asije kesho akaketi matangani na kusema ni mipango ya Mungu.