Tawakali na Safari ya Ziwani

Familia ya Tukuyu inayopanga kwa mara ya kwanza kuteremka hadi Matema, wilayani Kyela, ili kutembea kwa mashua katika Ziwa Nyasa, hukutana na swali la kale la kiteolojia, nalo ni kama mtu anayejitayarisha sana anaonyesha upungufu wa imani. Waraka wa Yakobo, katika sura ya 4, unawakemea wanaopanga safari kana kwamba kesho ni mali yao, lakini linalokemewa hapo ni majivuno, wala si mpango wenyewe.

Katika Uislamu jambo hili huitwa tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya kutimiza wajibu, na hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Tirmidhi inamwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza. Ngamia wa Ziwa Nyasa ni jaketi okozi linalomtosha kila mtoto, abiria wasiozidi uwezo wa chombo, na kumsikiliza nahodha anapokataa kung'oa nanga kwa sababu ya upepo wa kusini-mashariki, ambao huvuma kwa nguvu hasa wakati wa kiangazi. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa, ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Kuyaita maafa hayo mapenzi ya Mungu bila kutaja uzembe (neno zito, lakini ndilo) ni kumsingizia Mungu. Mtoto hajachagua hatari ya safari ya ziwani, kwa hiyo mzazi anayeahirisha safari pale ufukweni, nauli ikiwa imekwisha kulipwa, anafanya ibada.