Kupiga Picha Dirishani mwa Gari

Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo lionekanalo dogo: Je, ni halali kumpiga mtu picha kutoka dirishani mwa gari, naye hana habari?

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto yapanda kwa kona nyingi, na karibu na Soni msafiri huona maporomoko ya maji. Hapo wenye simu huzielekeza dirishani. Nami nilifanya vivyo hivyo. Lakini pamoja na maji nilimpiga mama mmoja, ameinama chini ya mzigo mkubwa wa majani. Gari halikusimama. Nyumbani rafiki zangu walipoiona picha wakasema, “Maskini, mama huyu!” Nami nikaitikia.

Mwaka uliofuata nilikuwa Soni, nikamkuta mama yule yule njiani. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha, nikamweleza waliyosema watu. Akaitazama kitambo, akasema, “Mwanangu, mmeuona mzigo, ng’ombe hamkumwona.” Maana majani yale yalikuwa ya ng’ombe wake wawili wafungwao zizini, na kwa maziwa yao amesomesha watoto wanne. Nikaona haya. Picha yangu haikughushiwa, hata hivyo ilimsingizia.

Labda mtu atauliza, “Njia ni ya watu wote, na macho hayaombi ruhusa, kosa ni nini?” Ni kweli, lakini jicho na picha si sawa. Amwonaye mtu njiani, naye huonekana. Waweza kusalimiana, na wazo lililokosewa hutengenezwa papo hapo. Bali picha huenda mahali asipokuwapo mwenyewe, na wengine humsemea. Jambo hili si geni. Walther Dobbertin, Mjerumani, alipiga picha nyingi katika nchi hii kabla ya vita ya 1914. Jina lake twalijua hata leo, lakini wengi wa wale aliowapiga hawajulikani majina.

Wengine husema kwamba mtu akiombwa hujitengeneza, na picha huharibika. Lakini kujitengeneza ni haki yake. Sisi nasi twendapo kanisani huvaa nguo safi, wala hatuitwi waongo kwa hiyo. Nilipomwomba mama yule picha ya pili, alinipeleka kwake, akajifunga kanga nyingine, akasimama kando ya ng’ombe wake. Hiyo ndiyo niwaonyeshayo watu sasa.

Basi, tuache kupiga picha safarini? Sivyo. Milima na maporomoko hayasingiziwi. Na yapigwe, hata kioo kikiwa na vumbi. Lakini uso wa mtu wadai salamu kwanza. Gari lisiposimama, picha hiyo na iachwe ipite. Tukumbuke kwamba katika Luka 10 kuhani na Mlawi walimwona yule aliyejeruhiwa. Kosa lao halikuwa kutoona, bali kuona na kupita.