Mizani ya hoja isiwe na mawe mawili

Wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu naliona likifanywa na wengi katika mihadhara na vijiwe vyetu.

Alasiri moja, baada ya swala, nilikuwa barazani na jirani yangu, mwalimu mstaafu, Mkristo wa siku nyingi. Mkononi nilikuwa na kitabu cha Bart Ehrman, profesa wa Marekani, kiitwacho Misquoting Jesus, kilichotoka mwaka 2005. Nikamweleza kwa kujiamini kwamba hata wasomi wa kwao wanakiri kuwa mikono ya wanadamu imepita katika maandiko yao. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Ustadhi, huyo shahidi wako anasemaje kuhusu msalaba?"

Nikakosa jibu. Nilipokwenda kusoma zaidi, nikakuta kwamba Ehrman huyo huyo, aliyeuacha Ukristo na leo hana dini, anahesabu kusulubiwa kwa Yesu kuwa miongoni mwa mambo yenye hakika kubwa kabisa katika historia yake. Yaani shahidi niliyempeleka mahakamani kwa mbwembwe alikuwa anapinga ninachokiamini kwa mujibu wa aya ya 157 ya Sura An-Nisaa. Nilimchukua nusu, nusu nyingine sikuitazama.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Wenzetu hawatetei imani yao kwa nyimbo na machozi tu. Josh McDowell, ambaye Sheikh Ahmed Deedat alifanya naye mdahalo kuhusu msalaba mjini Durban mwaka 1981, alikuwa ameshatoa tangu mwaka 1972 kitabu kizima cha ushahidi wa kihistoria wa Ukristo. Lee Strobel, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Chicago Tribune na mkana-Mungu, alitoa chake mwaka 1998. Wote wawili wanasema walianza wakiwa na shaka, wakachunguza, wakaamini. Hoja yao kubwa ni barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, iliyoandikwa takriban mwaka 55, yaani kama miaka 25 tu baada ya tukio. Humo Paulo anataja watu walioambiwa kuwa walimuona Yesu akiwa hai baada ya kufa kwake. Tuwe wakweli: hiyo si hoja ya kuchekwa.

Sasa wengi wetu tukibanwa hapo tunakimbilia silaha ya karibu, nayo ni shaka ya wasiokuwa na dini. Mwaka 1748 mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliweka kanuni ambayo bado inatumika mpaka leo. Alisema, kwa muhtasari, kwamba uzoefu wa wanadamu kuwa wafu hawafufuki ni mzito kiasi kwamba ushuhuda wa watu hauwezi kuushinda. Daima ni karibu zaidi na akili kuwa msimulizi amekosea au amedanganya.

Kanuni hiyo ikitumika dhidi ya kanisa, tunapiga takbira. Lakini hebu tujiulize: mwenye upanga huo ataishia mlangoni mwa kanisa? Kwa kanuni hiyo hiyo, Nabii Issa (a.s.) hakuzaliwa bila baba, fimbo ya Nabii Musa (a.s.) haikugeuka nyoka, na Israa na Miraji haikuwapo. Akimaliza kwa jirani, anavuka ua anaingia kwetu. Na kijana wetu aliyetushangilia jana uwanjani, kesho anakaa peke yake na simu yake, anaipeleka kanuni ile ile kwenye imani yake mwenyewe, wala hana wa kumuuliza.

Tufanye nini basi? Naona mambo matatu.

Kwanza, tuchukue ushahidi, tusichukue majina. Katika nakala kongwe ya Biblia iitwayo Codex Sinaiticus, ya karne ya nne, ambayo sehemu yake kubwa ipo London, Injili ya Marko inaishia sura ya 16 aya ya 8. Aya 12 za mwisho hazimo. Katika Yohana, kisa cha mwanamke aliyefumaniwa nacho hakimo. Hili ni kweli akilisema Ehrman au akilisema askofu, na Biblia nyingi za leo zinalitaja pembeni mwa ukurasa. Lakini nakala hiyo hiyo inacho kisa cha msalaba. Basi tuseme inachothibitisha, tusizidishe.

Pili, tutenganishe tukio na maana yake. Hata mtu akikubali kuwa fulani alifufuka, hilo pekee halimfanyi kuwa Mungu. Injili ya Yohana inasimulia kufufuka kwa Lazaro, na hakuna anayemuabudu Lazaro. Sisi wenyewe tunaamini kuwa Nabii Issa alihuisha wafu kwa idhini ya Allah. Mkristo atakujibu kuwa Lazaro hakudai lolote, ila Yesu alidai. Vizuri! Sasa mmefika kwenye swali lenyewe: alidai nini hasa, na nani aliyetunukulia madai hayo? Huo ni mjadala wa tawhidi, na hauhitaji kumuazima Hume.

Tatu, tuseme wazi kile kinachosimama juu ya wahyi. Mimi sikanushi msalaba kwa sababu profesa fulani kaniruhusu. Naukanusha kwa kuwa naamini Qur'an ni maneno ya Yule asiyefichikiwa na kitu. Nikishasema hivyo, ni wajibu wangu kueleza kwa nini naiamini Qur'an, na nieleze kwa mizani ile ile niliyompimia jirani.

Mfano ni huu. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kuwa ngozi iliyoandikwa aya za Qur'an katika hazina yake imepimwa, ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu. Lakini kipimo kile kinatuambia umri wa ngozi. Hakituambii kuwa maneno yale yametoka mbinguni, kama ambavyo umri wa barua ya Paulo hautuambii kuwa aliyoyaandika ni kweli.

Wala uchunguzi si kitu cha kuazima Ulaya. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari. Wanazuoni wa hadithi kama Yahya bin Ma'in na Imam Bukhari walimuuliza kila msimulizi: nani kakwambia, mlikutana lini, kumbukumbu yako ikoje? Waliyakataa hata mapokezi yaliyoipamba dini, sanad ilipokuwa dhaifu. Shaka yao ilikuwa juu ya msimulizi, haikuwa juu ya uwezo wa Muumba. Hume anafunga mlango kabla shahidi hajafika.

Nilirudi kwa mwalimu nikamwambia: "Mwalimu, kuhusu msalaba mimi sina profesa, nina Qur'an." Akacheka, akasema: "Haya, sasa tunaweza kuzungumza." Tunazungumza mpaka leo. Hatujakubaliana, lakini hakuna anayemvizia mwenzake.

Sura Al-Mutaffifin imewatahadharisha vikali wanaojipimia kamili na kuwapunjia wengine. Tumezoea kuisoma tukiwafikiria wauza mchele na sukari. Na sisi wauza hoja tujitazame mawe yetu.

Allah atujaalie tuwe waadilifu hata tunapojadiliana na tusioafikiana nao. Aamin. Wabillahi tawfiq.